Unguja au Udzungwa? Jibu kwa dada wa Morogoro na mumewe dereva

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mhasibu, nakaa kitini tangu saa mbili asubuhi hadi jioni. Mume wangu anaendesha semi, Dar hadi Tunduma na kurudi. Tunaishi Morogoro na watoto wawili, binti wa miaka 13 na mdogo wake wa kiume wa miaka 6, ambaye hajui kuogelea. Mwaka huu tumepata siku saba za kuwa pamoja, mwishoni mwa Juni shule zikiwa zimefungwa. Mume wangu anataka bahari tu, Zanzibar. Mimi nataka msitu na maporomoko ya maji. Rafiki yangu alinionyesha picha za Udzungwa na tangu siku hiyo sitaki kusikia pengine. Ndugu wanatushauri tugawe, siku tatu Mikumi na Udzungwa, siku tatu Unguja. Fedha tumeweka, ila si ya kuchezea. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Juni hii nendeni Unguja wote wanne, kwa siku zote saba. Halafu mwanzoni mwa Septemba, kwenye likizo fupi ya shule, wewe na binti yako mwende Udzungwa siku tatu. Msigawe. Najua ukimsomea shemeji mistari hii peke yake atashangilia na wewe utajiona umeshindwa, kwa hiyo naomba unisome hadi mwisho kabla hujampa simu.

Watu wakija kwangu kupanga likizo, kila mmoja anaanza kwa kutaja anachokipenda. Mimi huwauliza kwanza mwili unafanya nini siku za kazi. Anachokipenda mtu mara nyingi ni picha aliyoiona, lakini uchovu wake ni wake kweli, na ndio anaousafirisha kwenye begi. Sasa tazama nyumbani kwako. Shemeji kazi yake ni kukesha akiangalia barabara. Barabara kuu ya kwenda Tunduma inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, naye anaijua kwa matuta yake, vibao vya mwendo na orodha ya faini za kugonga mnyama. Twiga atakayemfurahisha mwanao ndiye twiga anayemfanya baba yake akanyage breki usiku. Ukimpeleka huko likizoni, hata akikaa kiti cha abiria, mguu wake utakuwa unatafuta breki. Nimewahi kusafiri na madereva wa masafa marefu kama wageni wangu, nao hawalali ndani ya gari linaloendeshwa na mtu mwingine.

Wewe nawe unakaa. Kukulaza ufukweni siku saba ni kukutoa kwenye kiti kimoja na kukuweka kwenye kingine. Siku ya tatu utaanza kugombana na watu bila sababu, na shemeji atadhani humthamini. Kwa hiyo kinachotafutwa hapa ni mahali ambapo yeye anaweza kukaa asubuhi nzima bila kuonekana mvivu, na wewe ukatoka kutembea kwa miguu yako, bila gari, bila kumsubiri. Unguja pako mahali pa namna hiyo, ila si kila ufukwe. Nitakuja huko.

Kwanza hili la kugawa, kwa sababu ndugu hulitoa kwa nia njema na limeharibu likizo za watu wengi. Hebu tuhesabu. Siku ya kwanza mnatoka Morogoro hadi Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi ya Udzungwa. Ya pili mnapanda maporomoko. Ya tatu mnarudi Mikumi kuona wanyama. Ya nne mnarudi Morogoro, mnapanda treni hadi Dar, na mkichelewa kidogo mnalala Dar. Ya tano mnavuka na kufika ufukweni mchana. Ya sita mnaoga. Ya saba mnafunga mizigo. Mmelipa nauli za safari mbili mkapata siku moja ya msitu na siku moja ya bahari, na mtoto wa miaka 6 amelala vitanda vinne tofauti. Kugawa kunafaa mkiwa na siku kumi na mbili na kuendelea, au pale bahari na msitu vinapokaribiana sana.

Kuna atakayekutajia Saadani, hifadhi ya taifa inayogusa bahari. Ni pazuri na ninapapenda, lakini udongo wake mweusi baada ya masika hunasa magari, na mngehitaji gari la kwenda nalo, na tumeshakubaliana nani hatakiwi kushika usukani. Mwingine atakutajia Mafia na papa potwe. Hao huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi. Juni hapana.

Hili la usukani ndilo lililonifanya niegemee Unguja kuliko jambo jingine lolote. Kutoka Morogoro mnapanda treni ya SGR, na ile ya haraka inafika Dar chini ya saa mbili. Bandari ya boti haiko mbali na stesheni. Boti za mwendo kasi huchukua kama saa mbili hadi Unguja. Mkiondoka alfajiri, jioni miguu iko mchangani, na shemeji hajapita hata kilomita moja ya barabara anayoijua. Mtu wa kazi yake, kule kukaa tu dirishani akiona nchi inapita bila yeye kuwajibika nayo, tayari likizo imeanza.

Sasa majira. Mwishoni mwa Juni masika yameisha na kusi limeshika. Ni wakati wa kipupwe: jua lipo, joto halichomi, usiku unataka shuka. Kwa watoto ni hewa nzuri kuliko ya Februari. Ubaya wake ni upepo. Kusi linavuma kutoka kusini mashariki, linachafua bahari ya nje, na boti huyumba. Chukueni boti ya asubuhi, kabla upepo haujapanda, kaeni chini sehemu ya katikati au nyuma, na kama kuna anayetapika safarini, dawa anywe kabla ya kupanda. Akishaanza kutapika imechelewa.

Ufukwe upi? Wengi watakuambia Nungwi au Kendwa, kaskazini. Wana hoja. Kule maji hayatoki mbali, mtu anaoga saa yoyote, na Juni kisiwa chenyewe kinawakinga na kusi. Lakini vyumba ni ghali zaidi, muziki wa usiku ni mwingi, na kwa mtu anayetaka kutembea hakuna mengi ukishamaliza mchanga. Kama shemeji angekuwa muogeleaji wa kila saa ningekwambia nendeni huko. Kwa maelezo yako anataka kukaa na kuangalia maji. Basi mimi ningewapeleka Jambiani, pwani ya mashariki. Ni kijiji kirefu chenye nyumba za wageni ndogo ndogo zinazoendeshwa na wenyeji, bei zinavumilika, watoto wa kijiji wanacheza na watoto wa wageni, na mwamba wa matumbawe uko mbele ukivunja mawimbi kabla hayajafika. Paje ni jirani, na msimu wa kusi hujaa watu wanaoteleza juu ya maji kwa tiara. Mwanao atapenda kutazama, ila asikae pale wanapoinulia tiara, kwa sababu zile kamba hukata.

Ukienda mashariki lazima ujue maji, na hapa ndipo watu wengi wa bara hujuta bila kujua kosa liko wapi. Wanafika saa nne asubuhi, wanakuta bahari imeondoka, wanaona tope la mchanga na nyasi kwa kilomita nzima, wanasema wametapeliwa. Bahari haijaenda popote, imekupwa tu, na kupwa kuna ratiba ambayo kila mvuvi anaijua kichwani.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana na kutoka mbali sana. Tofauti kati ya kujaa na kupwa Unguja inaweza kufika mita 4. Siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: tofauti ni ndogo, maji yanajaa kwenye saa nne asubuhi, na hata yakitoka jioni hayaendi mbali, yanabaki ya kuogea watoto ndani ya mwamba.

Ukielewa hilo utaona siku zenu saba zina bahati. Kutoka bamvua hadi maji mafu ni kama wiki, kwa hiyo wiki yoyote mtakayochagua itawapitisha kwenye sehemu kubwa ya mzunguko. Kabla hamjalipa chumba, fungua kalenda uone mwezi uko wapi. Mkifika karibu na bamvua, siku za mwanzo asubuhi ni zako: bahari imekupa uwanja wa kutembea, na jioni maji yanarudi kwa ajili ya shemeji na watoto. Siku za mwisho mnaoga asubuhi wote. Mkifika wakati wa maji mafu, mambo yanageuka, mnaoga kwanza na wewe matembezi yako yanakuja mwishoni. Mwulize mwenye nyumba ya wageni saa za maji za kila siku, na hata huko kwenye simu majedwali yapo.

Kutembea kwenyewe kwataka heshima na akili. Vaeni yeboyebo au raba za zamani, kwa sababu kuna viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu kwenye mawe, na mwiba wake ukivunjikia mguuni likizo imeishia hapo. Toka na mwenyeji, kijana au mama wa kijiji, mlipe vizuri, na yeye ndiye aamue wakati wa kugeuka. Maji yakianza kurudi huingia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, nawe ukiwa unatazama mwamba mbele hujui kama njia imekatika. Usikanyage matumbawe hai. Na mtawaona akina mama kwenye mashamba yao ya mwani, vijiti na kamba zimepangwa mistari kwenye maji ya magotini. Msipite katikati ya mistari na msipige picha bila ruhusa. Watu wako kazini, na saa za kupwa ndizo saa pekee walizo nazo. Ukimwomba mmoja wao akueleze namna wanavyopanda na kuvuna, utajifunza zaidi ya unavyodhani. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na hawa ndio wenye msemo wao.

Msitu je? Upo. Jambiani na Jozani haziko mbali kwa gari, na Jozani ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kilomita za mraba 50, ndogo ukilinganisha na unayoiota lakini ni msitu kweli. Kuna kima punju, mbega mwekundu wa Zanzibar, asiyepatikana porini popote duniani nje ya visiwa hivi. Binti yako wa miaka 13 atapenda kujua kwamba kima hawa hula mkaa. Wanakula majani ya mikungu na miembe yenye kemikali zinazosumbua tumbo, na watafiti wanaona mkaa unawasaidia kuzimudu. Ndani ya hifadhi kuna njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, ambayo hata huyo wa miaka 6 ataimaliza. Barabarani karibu na msitu kuna matuta. Yaliwekwa kwa sababu magari yalikuwa yanawaua kima, na vifo vikapungua. Mwonyeshe shemeji. Yeye anapita kwenye matuta kila wiki ya maisha yake, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumwonyesha mnyama aliyebaki hai kwa sababu ya tuta.

Msiwalishe kima na msiwasogelee mpate picha. Wamezoea watu, na mazoea hayo yamewaponza wengi.

Siku moja iwe ya mji. Mji Mkongwe unatembeka kwa miguu tu, vichochoro vyake ni vyako wewe usiyetaka kukaa. Kutoka hapo mashua ndogo hupeleka watu Changuu, kisiwa kilichojengwa gereza miaka ya 1890 lakini kikatumika zaidi kama karantini, chenye kobe wakubwa wa asili ya Aldabra huko Shelisheli. Upande huo wa magharibi umekingwa na kusi, kwa hiyo kwa mtoto ni safari ya maji tulivu. Kila mtoto avae jaketi la kuelea kabla mashua haijaondoka, linalomkaa mwilini. La mtu mzima maji humvua mtoto. Nahodha akikosa la mtoto, shukeni.

Safari moja nakuomba uikatae hata ukipewa kwa bei nafuu. Kizimkazi kuna pomboo, na kuna wanaowapeleka wageni kuwaona kwa kuwafukuza, mashua kumi zikizunguka kundi moja huku watu wakirushwa majini juu yao. Wanyama hao wanahitaji asubuhi zile kupumzika na kunyonyesha. Ukikuta nahodha anayezima mashine na kusubiri kwa mbali, mpe fedha zako. Asiyesubiri usimpe. Kizimkazi uende kwa ajili ya msikiti wake wa kale, wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 1107.

Kuhusu huyo asiyejua kuogelea. Ndani ya mwamba maji ni ya kina kifupi, lakini mtoto huzama kwenye maji ya magotini, kimyakimya, mzazi akiwa anaangalia simu. Pangeni zamu kwa saa, wewe na shemeji, na mwenye zamu hana simu mkononi. Binti wa miaka 13 asipewe zamu. Naye yuko likizo. Nimeona familia nyingi ambapo binti mkubwa anarudi nyumbani amechoka kuliko mama yake.

Fedha. Ufukweni fedha huishia kwenye chumba na chakula, na vyote viwili hulipwa kwa kichwa. Msituni na mbugani huishia kwenye gari, ambalo hulipwa kwa siku bila kujali mko wangapi. Ninyi mko wanne, kwa hiyo msifikiri mbuga lazima ni ghali zaidi. Kiingilio cha hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki hulipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo sana ya kile anacholipa mgeni kwa dola. Boti nayo ina nauli ya wenyeji. Bebeni vitambulisho vya taifa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa sababu bila hivyo mtabishana dirishani. Jambiani chukueni chumba chenye kifungua kinywa tu, msilipie chakula cha jioni kwa wiki nzima. Asubuhi samaki na pweza wanaletwa ufukweni, na mwenye nyumba ya wageni akiulizwa kwa adabu huwapikia kwa bei ambayo hoteli haiwezi. Mkiwa kijijini ufukweni vaeni mnavyotaka kuogea, ila mkiingia njia za ndani funga kanga na shemeji avae shati. Ni kijiji cha watu wenye dini yao, wanaishi pale.

Sasa Udzungwa yako. Sikukwambia uiahirishe kwa sababu ni ya pili kwa thamani. Nimekwambia uende bila shemeji na bila mtoto mdogo kwa sababu inastahili miguu inayoitaka. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na haina barabara ya magari ya kutembeza watalii ndani yake. Unaingia kwa miguu au huingii. Msitu wake unapanda bila kukatika kutoka chini bondeni karibu mita 250 hadi kwenye vilele vya zaidi ya mita 2,500, na kupata msitu wa namna hiyo ambao haujakatwa katikati na shamba au kijiji ni jambo adimu sana Afrika Mashariki. Ndiyo maana wanyama wanaendelea kugunduliwa humo. Mangabe wa Sanje, aina ya kima, alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walikuwa wakimsikia siku zote. Kipunji, kima mwingine aliyetangazwa mwaka 2005, anaishi katika safu hizo hizo za Udzungwa na huko Rungwe na Kitulo. Kuna pia mbega mwekundu wa Udzungwa, ambaye haonekani kwingine nje ya milima hii na bonde la Kilombero.

Njia ya Sanje ndiyo uliyoiona kwenye picha. Inaanzia kama kilomita 10 kutoka makao makuu ya hifadhi pale Mang'ula, inapanda kwa ngazi na mizizi, na inakupitisha kwenye maporomoko yanayoshuka mita 170 kwa jumla. Tenga saa nne au tano, pamoja na muda wa kuoga kwenye vidimbwi, maana maji ni baridi na utataka kurudia. Mwongozaji ni lazima, na ni vizuri iwe hivyo, kwa kuwa tembo wamo msituni humo. Mtoto wa miaka 6 angebebwa njia nusu, na anayebeba angekuwa baba yake. Siku ya pili chukueni njia fupi ya Sonjo au ile ya maporomoko ya Prince Bernhard karibu na makao makuu, taratibu, mkitazama juu kwenye miti. Nyani na mbega huonekana na anayetembea polepole.

Septemba ni kiangazi. Njia zimekauka, hazitelezi, na maji yamepungua ila yapo. Kutoka Morogoro hadi Mikumi mjini ni kama kilomita 120, halafu mnakata kushoto barabara ya Ifakara kupitia Kidatu hadi Mang'ula. Basi linatosha. Bonde la Kilombero lina mbu wengi, na si bure wataalamu wa Ifakara wamekuwa wakichunguza malaria huko kwa miongo mingi. Laleni kwenye chandarua, mvae mikono mirefu jioni, na mkiumwa homa wiki mbili baada ya kurudi mwende kupima siku hiyo hiyo. Mkiamua kusimama Mikumi njiani, msivae nyeusi wala buluu iliyokoza, mbung'o wanazipenda rangi hizo.

Na usisubiri Septemba kuanza. Unaishi chini ya Uluguru, dada yangu, milima ya safu moja na Udzungwa, ile safu ya Tao la Mashariki inayoanzia Taita nchini Kenya. Panda Morningside Jumamosi moja, wewe na binti. Ni nusu siku kutoka mjini, unaona Morogoro yote chini, na mapafu yatakuambia ukweli kuhusu Sanje. Mkifanya hivyo mara chache kati ya sasa na Septemba, mtaifurahia ile njia badala ya kuivumilia.

Utaniuliza kama si vibaya mke kusafiri na binti bila mume. Mimi naona familia nyingi zinaharibu likizo kwa kudhani kila safari lazima iwe ya wote. Binti wa miaka 13 yuko kwenye umri wa kuanza kukuficha mambo. Saa tano za kupanda mlima pamoja, bila baba na bila mdogo wake, zitampa nafasi ya kuzungumza ambayo sebuleni haipo. Na shemeji akibaki na kijana wake siku tatu, naye atapata kitu ambacho barabara ya Tunduma inamnyima mwaka mzima. Mwambie hivyo, na umwambie mapema, Juni hii hii mkiwa mmekaa Jambiani ametulia, ili Septemba isije kuwa habari mpya.

Tiketi za treni na boti nunueni mapema, kwa sababu likizo ya Juni watu ni wengi. Chumba kilipieni sehemu tu ya fedha hadi mfike mkione. Na rudini bara siku moja kabla ya siku ambayo shemeji anatakiwa kuripoti kazini, kwa sababu kusi likivuma sana boti huahirishwa, na tajiri wake hatamwelewa akimweleza habari za upepo.